Nafasi Uliyopewa Ilikuwa ya Nirmala

Nyumba namba 418,
Mtaa wa Tannery,
Port Wendell, Ohio.
Jumatatu, 10 Machi 2025.

Mpendwa mwanangu Warren,

Pokea salamu zangu kutoka huku ziwani, ambako barafu bado imeng'ang'ania ufuko kama mpangaji asiyetaka kuhama. Hujambo? Kifua chako kinavumiliaje vumbi la Tucson? Unakula, au bado ni yale maharage ya kopo unayoyala umesimama? Nauliza kwa sababu katika picha uliyomtumia mama yako mwezi uliopita shingo yako imekuwa nyembamba kama ya bata mzinga.

Mimi sijambo. Goti la kushoto tu ndilo linalonisumbua, nalo siku hizi linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Kanisani wamenichagua tena kuwa mpika kahawa, cheo ambacho hakuna anayekigombea. Alhamisi nilizungumza na babu yako Urho. Anasikia kile anachotaka kusikia, lakini amenituma nikuulize kama huko jangwani kuna samaki.

Jumamosi mama yako alinipigia kabla sijavua koti. Alikuwa ameoka mikate minne ya iliki na kuigawa mtaa mzima, hata kwa yule jirani ambaye hawajasemezana tangu ile kesi ya uzio. "Aune! Mtoto kapata! Tena kapata kwako! Mtakuwa mnakula pamoja mchana!" Nikamwambia hongera. Nilikuwa nimeshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Hongera hiyo nilimpa yeye. Wewe sijakupa, na nadhani umeliona hilo. Nilikupigia jioni ileile ili nikueleze ninayotaka kukueleza hapa, ukaniwahi: "Mama mkubwa, nimepata! Na sikutaja jina lako popote. Nilitaka waniite kwa kazi yangu mwenyewe." Nikakudanganya kwamba nina chungu motoni. Jana nikakupigia tena, ukaanza kuniuliza nyumba za kupanga, nikakutajia mtaa. Ndiyo maana naandika. Karatasi haina furaha ya kunikatiza.

Naituma kwa watu wanaofikisha kwa siku moja, ikukute kabla ya Ijumaa, siku uliyopewa kujibu. Barua pepe ya chuo siitumii kwa jambo hili. Tafadhali kaa chini uisome mpaka mwisho, na usimsomee mama yako kabla hujaimaliza.

Najua ulivyotafuta. Maombi sitini na moja tangu Septemba, na majibu uliyopata yanajaa kiganja. Najua yale majibu yanayoanza kwa kukusifu. Najua pia wale wasiojibu kabisa, kwa kuwa mimi ni fundi sanifu wa maabara kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na nimekaa jirani na watu wengi wenye shahada ya uzamivu wakitafuta nafasi ya utafiti, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka nywele zinaingia mvi. Wengine hupata. Sikuandikii ili nikuvunje moyo.

Nakuandikia kwa sababu tangazo uliloliona Februari lilikuwa la kiti ambacho kilikuwa bado na joto la mwenyewe.

Aliyekuwa amekikalia anaitwa Nirmala Gunasena. Alitoka Colombo miaka miwili na nusu iliyopita, mwanamke mdogo wa umbo, anayecheka kwa kuziba mdomo. Siku yake ya kwanza alinikuta nimepiga magoti nyuma ya jokofu nikifunga bomba, naye akapiga magoti na sketi yake nzuri, akanishikia spana. "Dada Aune," akaniambia, "nifundishe kila kitu ambacho hakimo kwenye vitabu." Tangu siku hiyo ikawa dada Aune, dada Aune. Mumewe, Ruwan, alibaki kwao akifundisha hisabati, wakingoja Nirmala apate nafasi ya kudumu ndipo amfuate.

Wewe unajua tunachokitafuta pale: betri isiyokufa kwenye baridi kali. Miaka sita iliyopita maabara yetu ilitoa makala yenye grafu moja nzuri sana, iliyochorwa na mtafiti aliyekuwepo kabla ya Nirmala. Grafu hiyo ndiyo inayoleta ruzuku, na kwa hiyo ndiyo inayotulisha sote. Nirmala aliajiriwa aendelee kutoka pale ilipoishia. Alipima mwaka mzima. Alibadilisha kila kinachobadilika. Matokeo ya grafu ile hayakurudi hata mara moja.

Aliyeichora nilimjua. Alikuwa kijana mpole, aliondoka ghafla, na siku hizi anauza nyumba. Kwenye ukuta wa korido yetu kuna picha za wote waliopita, utaziona ukija. Mahali pa picha yake pako wazi, na rangi ya ukuta pale ni nyeupe kuliko kwingine. Kuna sehemu nne nyeupe namna hiyo. Kwa miaka mingi nilipita mbele ya sehemu hizo nikibeba sinia la chupa na sikuuliza.

Profesa Gault, mkuu wa maabara yetu, umezungumza naye kwenye usaili, basi unajua sauti yake. Hapigi kelele. Hukumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtu, hata ya mfagizi, na Ijumaa huleta donati. Nilipofiwa na mume wangu alisimama makaburini kwenye upepo mpaka mwisho, bila kofia. Nakwambia haya ili usije ukafikiri namchukia. Ingekuwa namchukia, kazi hii ya kuandika ingekuwa nyepesi.

Nirmala alipomwambia kwamba grafu hairudi, hakukasirika. Alisema, "Basi hujaipima vizuri," akampa donati.

Vuli iliyopita Nirmala akaanza kutafuta nafasi nyingine. Mkataba wake ulikuwa unaisha Juni, na viza yake ilifungwa kwenye mkataba huo. Alituma maombi arobaini na matatu. Kila mahali walitaka barua ya mapendekezo kutoka kwa mkuu wake, na kila alipomwomba Gault alijibiwa, "Nimeshatuma." Akangoja. Unajua kungoja kulivyo. Kila asubuhi alikuwa anafungua simu yake kwenye lifti ili kama ni habari mbaya imkute mahali ambapo watu hawaongei.

Mapema Januari mama mmoja wa ofisi ya chuo kimoja kule Manitoba akamwandikia kwa wema tu: tumependa kazi yako, lakini tumefunga orodha, kwa kuwa barua ya mkuu wako haikufika. Nirmala akaandika kwingine kuuliza. Akaandika tena kwingine. Hakuna barua iliyofika popote, Warren. Hata moja.

Alinionyesha yale majibu chumba cha chai. Mimi, mtu mzima niliyekula chumvi nyingi, nikamshauri aende akamwulize kwa heshima. Akaenda. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nami nilikuwa nje nikipanga masanduku ya glavu, hivyo nilisikia.

"Profesa, barua zangu hazikwenda."

"Nirmala, barua yangu ni jina langu. Siwezi kuliweka jina langu juu ya kazi ambayo haijakamilika."

"Lakini uliniambia umetuma."

"Nipe grafu, nikupe barua."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayekubembeleza ule. Nirmala alitoka akanipita. Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole.

Sasa nakuja kwenye sehemu yangu, na hapa kalamu imekuwa nzito.

Chini ya jengo letu kuna chumba kidogo kisicho na dirisha, tunamoweka tangi la naitrojeni ya kimiminika ya kupozea betri. Ikivuja hugeuka hewa na kuifukuza oksijeni chumbani. Haina harufu wala haikabi koo. Mtu huvuta pumzi kama kawaida na kuanguka akiwa bado anafikiria jambo lake. Kwa sababu hiyo ukutani kulikuwa na king'ora kinacholia oksijeni ikipungua. Chetu kilikuwa kizee. Mwaka jana kikaanza kulia ovyo, mara nne, mara tano kwa siku, na kila kikilia jengo zima lilitoka nje kwenye baridi. Ghorofa ya pili wakalalamika.

Katikati ya Desemba Gault aliniambia, tukiwa wawili tu kwenye ngazi, "Bi Aune, king'oe kile kidude mpaka tuagize kipya." Hakuandika popote. Nikashuka na bisibisi nikakitoa kwa mkono wangu. Nikabandika karatasi mlangoni: HAKUNA KING'ORA, INGIENI WAWILI. Baada ya Krismasi karatasi haikuwepo. Sijui ilianguka au iliondolewa. Nilisema nitabandika nyingine kesho. Nilisema hivyo siku kadhaa.

Jumapili ya tarehe 26 Januari Nirmala alikuwa ameniomba nimsaidie na mashine moja inayogoma. Nilikwenda baada ya ibada, saa nane mchana, jua linawaka juu ya theluji. Juu hakuwepo. Koti lake lilikuwa kwenye kiti, chai yake bado inatoa moshi. Nikashuka. Chini ya mlango wa kile chumba kulikuwa na ukungu mweupe unaotambaa sakafuni, na niliujua kabla miguu yangu haijaufikia.

Nilimwita kwanza. Halafu nikavuta pumzi nikaiziba, nikafungua. Alikuwa amelala chali karibu na tangi, kopo la kubebea naitrojeni limepinduka pembeni, macho nusu wazi. Nilimshika makwapani nikamburuta. Ni mwepesi, lakini siku ile alikuwa mzito kama gogo lililolowa. Kwenye kizingiti nikavuta pumzi bila kutaka na dunia ikaanza kuinama, nikajitupa kinyumenyume naye juu yangu. Nikampulizia mdomoni, nikambonyeza kifua, nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja. Nilikuwa bado nimevaa kofia ya kanisani.

Moyo wake ulirudi. Walisema kichwa chake kilikaa bila hewa dakika kadhaa.

Gault alikuja hospitali akalia, na niliamini machozi yale. Bado nayaamini. Asubuhi yake, Jumatatu, aliniita ofisini, karatasi ikiwa mezani tayari.

"Bi Aune, king'ora kilikaguliwa Ijumaa iliyopita na kilikuwa kinafanya kazi. Si ndiyo?"

Nikaisoma ile karatasi: ilisema hivyohivyo, kwa jina langu.

"Wakifunga maabara, watu kumi na mmoja wanakwenda nyumbani. Wanne kati yao watapoteza viza. Unawajua kwa majina. Hilo halitamwamsha Nirmala."

Nikatia saini.

Sijamwambia mtu hilo mpaka sasa, Warren. Wewe ndiye wa kwanza. Mchungaji hajui, mama yako hajui. Jumatano ukutani kulikuwa na king'ora kipya kinachong'aa. Siku kumi na moja baada ya Nirmala kuanguka, tangazo la kazi yake likatoka. Mimi ndiye niliyeagizwa kusafisha dawati lake. Droo ya chini nilikuta daftari lenye orodha ya vyuo arobaini na vitatu, na mbele ya kila kimoja ameandika tarehe atakayouliza tena.

Ruwan alifika katikati ya Februari. Amepanga chumba nyuma ya duka la matairi, na kila mchana hutembea na chupa ya mchuzi wa dengu mpaka nyumba ya kuwauguza waliopata madhara ya ubongo, anamlisha mkewe kijiko kwa kijiko. Nirmala anatembea akishikwa. Anaongea. Ila akili yake imebaki Januari, nyuso zinampotea, na lililopita jana halimkai. Nilipoenda mara ya kwanza alinitazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama karani, akaniuliza, "Samahani, barua imefika?" Nikamwambia bado. "Sawa," akasema, "nitauliza kesho." Baada ya muda akaniuliza tena. Muuguzi alinieleza kwamba huuliza kila anayeingia, hata anayeleta mashuka.

Jumapili ya tarehe 2 mwezi huu Ruwan alinisindikiza mpaka mlangoni. Ni mtu wa maneno machache, amevaa koti la msaada lenye mikono mirefu kuliko yake. Alikuwa na karatasi ya chuo mfukoni. Bima inakataa kumtunza Nirmala zaidi ya kiangazi, kwa kuwa ripoti inasema vifaa vyote vilikuwa salama na mtumishi aliingia bila kufuata taratibu.

"Dada Aune," akaniuliza, "wewe ulifanya naye kazi. Ni kweli mke wangu alikuwa mzembe?"

"Hapana," nikamwambia. "Hajawahi kuwa mzembe hata siku moja."

"Basi kwa nini karatasi inasema hivyo?"

Alikuwa anauliza kweli. Hakuwa ananituhumu. Alidhani labda Kiingereza chake ndicho kinachomdanganya. Nikamwambia nimechelewa basi, nikakimbia na goti langu hili bovu, na basi lenyewe halikuwepo.

Jumatano, tarehe 5, nilikwenda ofisi ya usalama ya chuo nikawaambia nataka kubadilisha maelezo yangu. Waliandika jina langu na kunipangia siku: Alhamisi hii, saa nne asubuhi, mbele ya mwanasheria wao. Nilipotoka kwenye lile jengo nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Januari. Sikujua kwamba habari hupanda ngazi haraka kuliko mimi.

Kuna jambo lililotangulia ambalo lazima ulijue. Mwishoni mwa Februari tulikaa kikao, na Gault akaonyesha ukutani majina matatu yaliyobaki. Wa kwanza alikuwa binti kutoka Montreal, wa pili kijana kutoka Seoul, wa tatu wewe. Nilishtuka nikasema "Eh!" kwa sauti.

"Unamfahamu, Bi Aune?"

"Ni mtoto wa mdogo wangu."

"Dunia ndogo," akasema, akaandika kitu pembeni ya karatasi yake.

Wiki iliyofuata binti wa Montreal alikuwa ameshachaguliwa. Mwenzangu mmoja alishaagizwa amtafutie chumba, na meza yake imeshabandikwa jina. Halafu Jumatano nikaenda ofisi ya usalama. Ijumaa, siku mbili baadaye, Gault akakupigia wewe.

Jioni hiyo alikuja mpaka benchi langu, jambo asilolifanya. Alichukua kitambaa akafuta meza yangu, mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

"Kijana wako anakuja," akasema. "Kijana mzuri. Sasa sote ni familia, Bi Aune. Na mambo ya familia hayatoki nje."

"Na yule binti?" nikamwuliza.

"Binti gani?"

Alinitazama akitabasamu mpaka nikashusha macho. Kisha akaongeza, akiwa anaondoka, kwamba mkuu wako wa huko Tucson ni rafiki yake wa siku nyingi, na kwamba kazi yetu hii ni kijiji: mtoto akiingia vibaya nyumba moja, nyumba zote husikia.

Sasa umejua kwa nini sikukupa hongera.

Usinielewe vibaya, mwanangu. Makala yako niliisoma yote, hata kurasa nisizozielewa, na nilizozielewa zilikuwa kazi safi ya mtu asiyelipua. Huenda ulistahili kuliko yule binti. Huenda Gault aliona hivyo pia. Mimi sijui. Kinachoniuma ni kwamba na wewe hutajua kamwe. Ulitaka wakuite kwa kazi yako mwenyewe, ndivyo ulivyosema, na hilo ndilo alilokuibia, akakupa kiti mahali pake.

Alhamisi nitasema kweli. Nakuarifu tu, wala siombi ruhusa yako, maana nikikuomba nitakuwa nakubebesha mzigo wangu. Sina ushahidi wowote zaidi ya mkono huu uliokitoa king'ora na kutia saini. Watasema mimi ni mzee mwenye kinyongo. Huenda nikafukuzwa miaka mitatu kabla ya kustaafu, na huenda nikashtakiwa, kwa kuwa niliyedanganya ni mimi. Huenda maabara ikafungwa, na wale wanne wakapoteza viza kweli, kama alivyosema. Siwezi kukwambia kwamba hilo halinikoseshi usingizi. Na huenda nafasi yako ikayeyuka, na jina lako likasemwa vibaya kwenye simu usizozisikia, kwa kosa la kuzaliwa na mdogo wangu. Kwa hilo naomba unisamehe, ukiweza. Usipoweza sasa, nitangoja.

Leo asubuhi kadi yangu imegoma kufungua mlango wa chini. Nikadhani ni mikono yangu iliyokufa ganzi. Nikaifuta kwenye sketi nikajaribu tena, taa ikawa nyekundu. Mlinzi, yuleyule aliyenisaidia siku ile, alikuja akasimama karibu yangu bila kunitazama. "Maelekezo kutoka juu, mama," akasema. Nilipopanda juu nikakuta ukutani kwenye korido picha ya Nirmala haipo. Sasa ziko sehemu tano nyeupe. Hakuna aliyenisalimia mpaka saa ya chai, na chumba cha chai nilikuwa peke yangu.

Mama yako atakuambia mama mkubwa amezeeka na hofu. Mwache aseme. Lakini popote utakapoitwa, hapa au kwingine, kabla ya kusema ndiyo uliza dawati hilo lilikuwa la nani na yuko wapi sasa. Kisha mtafute huyo mtu, uongee naye bila wao kujua. Mkuu akikwambia ametuma barua yako, wapigie wanaoingoja. Nenda ukavione vyumba kwa macho yako, hasa vile wanavyokupitisha haraka. Hakuna mtu mwenye njaa ya kazi anayependa kuuliza maswali haya. Nirmala naye hakuuliza.

Sikwambii uikatae nafasi. Una miaka thelathini na moja, umengoja muda mrefu, na mimi nimepoteza haki ya kumwelekeza mtu lililo sawa. Ninakuomba jambo moja tu. Kabla ya kumjibu Gault, mpigie Ruwan. Namba yake nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Huwa anatoka kumlisha mkewe saa tisa, na hupokea simu akiwa njiani. Usimweleze wewe ni nani. Mwulize tu Nirmala anaendeleaje, na umsikilize mpaka amalize.

Mfikishie salamu mama yako Irja. Nitamwandikia yeye mwenyewe baada ya Alhamisi. Msalimie dada yako Kaisa na mtoto wake mchanga, na babu Urho umjibu mwenyewe kuhusu samaki, maana jibu langu hakuliamini.

Mungu akupe kazi ambayo kila jioni utatoka ndani yake ukiwa mzima na ukijua jina lako, hata kama itachelewa.

Ni mimi mama yako mkubwa, ninayekupenda kuliko nilivyoweza kukuambia kwenye simu,

Aune